Kikombe cha Bati na Mtama Mwekundu

Siku yangu ya mwisho kazini nilikabidhi mizani, jembe la mpini mfupi, kamba ya mafundo ya kupimia mistari, magunia matupu na funguo mbili za ghala, mmoja ukiwa haufungui chochote tangu kufuli libadilishwe. Mwenzangu aliyepokea alisoma orodha, akatia alama, kisha akauliza, "Na kikombe cha bati kiko wapi? Hapa imeandikwa kikombe kimoja."

Nikamwambia kimepotea. Hakikupotea. Kiko nyumbani kwangu Midia, karibu na Koboko, na sababu ya kutokirudisha ndiyo naandika hapa. Mmeniomba niweke kwenye karatasi mambo ya kazi yatakayowasaidia ninyi mnaobaki. Vyeo sina vya kuandika. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kupima mbegu na kutembelea mashamba ya watu waliokimbia kwao, na katika miaka yote hiyo nilisema uongo mara mbili. Huo wa kikombe ni wa pili. Wa kwanza mtaukuta mbele.

Mwaka 1979, serikali ilipoanguka, mji wetu wa mpakani, Koboko, ulihama ndani ya siku chache. Nyumba nyingi kwetu zilikuwa na mtu jeshini, kwa hiyo tulihofia kisasi na hakuna aliyengoja kuambiwa. Wa nyumba yetu waliokuwa jeshini hawakurudi, na hilo sitaliandika. Mimi na mama yangu, Hadija, tulivuka kwa miguu kwenda upande wa Sudani. Mama alibeba sufuria, mkeka na msahafu wa marehemu baba. Tulipokuwa tumeshavuka alikaa chini kando ya njia, akasema, "Nimefunga mlango vizuri, na mbegu nimeziacha ndani." Maneno hayo aliyarudia kwa miaka.

Kambini tulipewa mahindi ya njano, magumu, yenye harufu ya gunia. Hatukufa njaa. Lakini kwetu chakula cha jioni ni asida ya mtama, ugali mwekundu unaoumega ukauchovya kwenye kudra, ile mboga yenye utelezi. Mama aliyala yale mahindi kama mtu anayekunywa dawa. Akakonda. Bwana mmoja wa ofisi alikuja akatazama wanawake wazima walivyokonda, akashangaa, maana kwenye karatasi zake chakula kilitosha. Na kweli kilitosha. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu ambaye hajawahi kula miaka mitano chakula alichochaguliwa na mtu mwingine.

Huko ndiko nilikoanza kazi. Walitaka mwanamke anayejua kuandika, wa kuwapimia wenzake mbegu. Nikapewa kikombe cha bati na daftari. Siku ya kwanza nilijaza kikombe, nikakisawazisha kwa kiganja cha mkono, nikamimina. Mwanamke wa tatu kwenye foleni akapaza sauti, "Angalieni mkono wa huyu! Unakula kuliko kuku!" Wote wakacheka, na mimi nikaona aibu, kwa sababu ni kweli. Kiganja kina shimo, na kila kikombe kilikuwa kinaacha punje kadhaa mkononi mwangu. Kesho yake nilikuja na kijiti kilichonyooka. Tangu hapo nimesawazisha kwa kijiti, mbele ya macho ya anayepokea. Kama mtachukua jambo moja tu kutoka kwangu na kuacha mengine, chukueni kijiti.

Mama alipata mbegu kwa njia nyingine. Mwanamke mwenyeji, ambaye shamba lake lilipakana na kambi, alimpa masuke matatu ya mtama mwekundu. Mama aliyachukua, akaanza kuyapura pale pale ili abebe punje kwenye kitambaa. Yule mwenyeji akamshika mkono.

"Usipure hapa, dada. Nakupa masuke, na wewe utanirudishia masuke."

"Si ni kitu kimoja?"

"Punje zote zinafanana. Utanirudishia za nani, nitajuaje? Suke nikiliona najua kama ni langu."

Ndivyo walivyofanya kule. Mbegu ya kukopeshana haikupurwa. Ilitoka na kurudi ikiwa bado kwenye suke, ili kila mtu aone ni mtama wa nyumba ipi. Mimi niliona ni usumbufu tu. Mwaka ule ule mama alirudisha masuke sita, na jioni alipopika asida ya kwanza alikula, akaomba nimwongezee. Nilikuwa sijamsikia akiomba kuongezwa tangu tuvuke.

Katikati ya miaka ya themanini vita vya huko vikatufuata, tukarudi nyumbani. Mama alirudi na masuke kumi na mawili kichwani, yamefungwa kwa kamba. Mlango aliokuwa ameufunga vizuri haukuwepo, wala nyumba. Alipanda mtama kabla hatujaezeka.

Mimi nilipata kazi Arua, kwenye shirika lililokuwa linagawa mbegu kwa waliorudi. Bwana stoo alikuwa Mzee Candia, Mlugbara wa hapo hapo mjini, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Siku ya kwanza hakunisalimia. Alinipa punje moja ya mtama.

"Uma."

Nikauma.

"Imesema nini?"

"Imepasuka, mzee."

"Ikipasuka kwa sauti, imekauka. Ikinywea chini ya jino kama mkate, irudishe juani. Haya, sasa tunaweza kusalimiana. Habari za Koboko, binti?"

Karibu yote ninayoyajua yametoka kwake. Alinionyesha kuhesabu punje mia moja, kuzipanga juu ya gunia lililoloweshwa, kulikunja kama mkeka na kuliweka mahali penye joto. Siku ya tano unalikunjua na kuhesabu zilizoota. Chini ya themanini, mbegu hiyo haitoki ghalani. Alinifundisha kufunga mafundo kwenye kamba ili mistari ya shamba ilingane, na kutundika baiskeli ukutani ili panya wasile tandiko. Nilimwuliza panya wanataka nini kwenye tandiko. Akasema hata wao wamechoka kula mahindi.

Nilikuwa mmoja wa wachache pale ofisini waliozungumza Kikakwa chetu na Kiarabu cha Juba pamoja na Kiswahili, kwa hiyo nilitumwa mara nyingi upande wa Koboko. Ilinifaa, maana mama alikuwa amezeeka. Alifariki mwishoni mwa miaka hiyo, katika msimu wa kiangazi, baada ya kuvuna. Tulimzika, hitima ikasomwa, watu wakarudi makwao. Masuke aliyokuwa ameyachagua kwa ajili ya mbegu yalibaki yamening'inia jikoni, juu ya mafiga, kwenye moshi, mahali alipoyatundika mwenyewe.

Mvua zilipokuja sikuyapanda. Nilijiambia mwaka ujao. Mwaka uliofuata nilijiambia hivyo hivyo. Nilikuwa naingia jikoni, nayatazama, natoka. Mtu mwenye kazi ya mbegu anajua vizuri mbegu isiyopandwa inakuwa nini. Nilijua.

Mwanzo wa miaka ya tisini zamu iligeuka. Watu wa upande ule, waliotupokea sisi, ndio waliokuja kwetu. Walipitia Oraba, pale mpakani, wakajaa kando ya barabara mpaka Koboko mjini. Shirika likafungua kituo na mimi nikahamishiwa huko moja kwa moja. Mratibu wetu alitoka mbali, mtu mpole, msomi, mwenye kalamu nne mfukoni. Alitoa utaratibu: kila anayefika na mbegu zake azikabidhi, apewe mbegu za kisasa mara mbili. Kikombe kimoja chako, viwili vyetu. Sababu ilikuwa kwamba mbegu za njiani huja na fukusi na magugu. Nafaka iliyokusanywa isilale karibu na ghala letu, ipelekwe siku hiyo hiyo kwenye mashine ya kusaga, ipikwe uji wa wageni. Utaratibu ulikuwa na akili. Sikuupinga. Niliona hata kwamba una huruma.

Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja mzee akafika mezani kwangu. Hakuwa na mzigo isipokuwa furushi la kitambaa cha buluu lililofungwa kiunoni, chini ya nguo. Tuliongea kwa lugha tatu zilizochanganyika. Hapa naandika Kiswahili chake kama nilivyokisikia, Kiswahili cha barabarani na cha wanajeshi.

"Jina, mama?"

"Mama Kiden."

"Umekuja na nani?"

"Na mume yangu. Yeye iko kule njiani. Tumezika."

Nilimpa pole. Niliandika: mtu mmoja. Kisha nikanyoosha mkono, akalitoa furushi kiunoni, akaliweka mezani. Nikalifungua. Mtama mwekundu, umepurwa, msafi sana, umepepetwa na mtu aliyejua kazi.

"Mama, tutakubadilishia. Yako kikombe kimoja, yetu viwili."

"Hii hapana ya kula."

"Najua, ni ya kupanda. Yetu nayo ni ya kupanda. Imepimwa."

"Wewe hapana jua. Hii iko ya muzee."

Nyuma yake mtu alisema, "Mama songa, jua linatuua." Mtoto alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeshasema maneno yale yale mara arobaini asubuhi ile. Nikachukua kikombe cha bati cha kituo, nikajaza, nikasawazisha kwa kijiti, kwa haki kabisa, nikamimina mtama wake kwenye gunia pamoja na wa wengine wote. Nikampimia vikombe viwili kwa kila kimoja. Mikono yake ilikuwa bado imeshika kitambaa kitupu. Nikasema, "Mwingine."

Jioni uji ulipogawiwa nilikuwa nafunga daftari. Mama Kiden alikuja na bakuli. Nusu ilikuwa imenywewa. Uji ule ulikuwa mwekundu.

"Mama ya mbegu," aliniambia, "hii iko nini?"

Nilitazama bakuli. Akakaa chini, akanieleza taratibu, bila kupaza sauti, na ingekuwa nafuu kwangu kama angepiga kelele. Kwao, katika ukoo wa mume wake, mwenye nyumba akifa, matanga hayafungwi mpaka mjane apande mbegu ya ile nyumba, aivune, apike uji wake na kuwapa majirani huku akitaja jina la marehemu. Mpaka hapo hajaagwa. Ile mbegu waliipura kwa haraka siku ya kuondoka, kwa sababu masuke hayabebeki ukikimbia. Alipokufa njiani, mume alikuwa ameshika lile furushi. Na sasa uji umeshapikwa. Umenywewa kwenye foleni, na watu ambao hawakujua wanamnywea nani. Na yeye mwenyewe amekunywa, kwa sababu alikuwa na njaa.

"Nimemaliza matanga ya mutu bila kusema jina yake," akasema. Akaacha bakuli mezani kwangu na kuondoka.

Nilikwenda kwenye mashine usiku haujaingia bado, nikakung'uta lile gunia. Zilitoka punje kama kiganja kimoja, nyeupe, nyekundu na kahawia. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuzichambua, ipi ya nani. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwenyeji aliyemshika mama mkono.

Kwa mwezi mzima nilimwona Mama Kiden kambini, nikapita njia nyingine. Vikombe vyangu viwili kwa kimoja hakuvipanda. Majirani zake walipanda. Mtama wetu wa kisasa ulikuwa mweupe, mfupi, wa kukomaa haraka, nami niliusifu kwa kila mtu.

Mwishowe nilipanda gari kwenda Arua, nikamweleza Mzee Candia. Aliendelea kushona gunia mpaka nilipomaliza.

"Binti, umemwibia mtu kwa kijiti kilichonyooka," akasema. "Sasa unataka nini? Nikupe pole?"

"Nataka mtama mwekundu wa upande ule."

"Mimi sina. Ofisi haina. Ulipozungumza habari za mama yako mwaka ule, ulisema masuke yake yako wapi?"

Yeye akarudi kwenye sindano yake. Nilirudi Midia siku ile ile, nikaingia jikoni, nikasimama chini ya yale masuke. Yalikuwa meusi kwa masizi. Nitawaambia ukweli: nilitaka kuyaacha. Nilifikiri, mtu huyu nimemkosea, lakini hivi ni vidole vya mama yangu vilivyofunga hii kamba. Nilikaa pale mpaka majivu yakapoa. Kisha nikapanda juu ya kinu nikayashusha, na kamba ikakatika yenyewe, maana ilikuwa imeungua zamani.

Niliyapeleka yote kwa Mama Kiden yakiwa masuke, sikupura hata moja. Aliyafuta masizi kwa kanga, akalishika moja mbali na macho.

"Hii hapana yangu."

"Najua, mama. Ni ya mama yangu. Aliipata huko kwenu."

"Ya kwetu inainama shingo, kama mutu anatafuta sindano. Hii inasimama kama polisi." Akalizungusha. "Iko ya watu wa ng'ambo ya muto. Kaka ya mume yangu alioa huko. Walikuwa wachoyo sana." Akachomoa punje, akauma, akasikiliza kama Mzee Candia. "Imekufa hii. Umeiweka muda gani?"

"Misimu ya mvua mitatu."

"Kwa nini?"

"Sikuweza."

Aliweka suke chini. "Wewe pia," akasema.

Tulipima pamoja, punje mia moja kwenye gunia bichi. Siku ya tano tulikunjua. Zilikuwa zimeota kumi na tisa. Nilipomwambia Mzee Candia alisema mbegu ya namna hiyo ofisini kwake hupewa kuku, kisha akasema, "Weka punje sita kila shimo, na usipunguzie hata mche mmoja." Mama Kiden alikubali kuipanda. Hakusema kama itafaa kwa matanga. Alisema tu, "Tuone kama inajua kutembea."

Shamba ndilo lililobaki kuwa tatizo. Wakimbizi walipewa vipande vidogo, na kila kipande kilikuwa cha mbegu ya kisasa, mistari kwa kamba. Mahali pekee penye nafasi na ulinzi palikuwa shamba la mfano la kituo, ambalo wageni walitembezwa. Nikatenga mistari miwili ya mwisho, upande ambao wageni hawakufika kwa sababu choo kilikuwa karibu. Mama Kiden alikuja kila asubuhi kupalilia. Mtama ule uliota kwa vishimo vichache, hapa mmoja, pale watatu, kama meno ya mzee. Lakini ulirefuka. Mwezi wa nane ulikuwa umenipita kichwa, na mweupe bado uko kiunoni.

Mratibu aliuona.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya kuzuia upepo, bwana."

Huo ndio uongo wa kwanza. Mama Kiden alikuwa amesimama na jembe karibu yetu. Mratibu alipokwenda alisema, "Kazi ya muzee yangu ni kuzuia upepo sasa? Haya. Hata jeshini walimpa kazi mbaya."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitania. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya choo.

Kisha ndege wakaja, wale wadogo wanaokuja kama wingu. Mtama mweupe ulikuwa laini na mtamu, ukakomaa mapema, peke yake katika eneo zima. Wakauangukia kambi nzima. Wanawake walipiga madebe tangu alfajiri hadi jua kuzama, siku baada ya siku, na bado masuke yalibaki makapi. Mwekundu una ukali kidogo kwenye ganda, ndege huuonja na kuuacha mpaka wakose kingine. Mistari yetu miwili ilibaki. Mratibu alikuja akasimama mbele yake muda mrefu, akaipiga picha. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na habari ya uji. Aliondoa miwani akaifuta. Alisema, "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Nikasema, "Kwa sababu na mimi sikumwuliza mwenye mbegu." Kwenye ripoti mistari ile iliitwa majaribio. Utaratibu wa kubadilisha mbegu ulifutwa mwezi uliofuata, bila maelezo. Pakawa na ruhusa ya kupanda kudra kando ya mabomba ya maji, ambako hapo awali tuliing'oa kama gugu, mimi nikiwa mmoja wa waliong'oa. Sikumbuki kama kuna aliyewaomba radhi wakimbizi. Mimi sikumsikia.

Tulivuna kiangazi kilipoanza. Yalikuwa masuke ya kujaza ungo mmoja. Nilidhani siku ya matanga imefika, nikamwuliza nimsaidie nini.

"Hapana," akasema. "Nikipika hii, imekwisha. Mwaka kesho ndege watakula tena, na hawa watu watakula nini?" Akawaita wanawake saba wa vibanda vya karibu, akawapa kila mmoja masuke mawili, akabaki na yake mawili. Aliwaambia warudishe masuke manne, wasipure. Mmoja alilalamika kwamba mawili ni machache. Mama Kiden akamjibu, "Basi nirudishie, ukapige debe."

"Na mzee?" nilimwuliza.

"Muzee alinichumbia miaka mbili. Anajua kungoja."

Nami nikangoja naye. Mwenyeji mmoja wa Midia, aliyekuwa amekula mtama wa Sudani kama sisi, aliwaachia ardhi kando ya kijito bila masharti ila wasikate miti. Mwaka wa pili mtama mwekundu ulisimama pale kama ukuta. Wote saba walirudisha masuke manne manne. Yule mlalamishi alirudisha matano, akayatupa miguuni kwa Mama Kiden na kuondoka bila kusalimu, kwa kiburi, nao walicheka wiki nzima.

Baada ya mavuno alinitumia mtu. "Mwambie Mama ya mbegu aje kesho asubuhi. Alete ile kikombe yake."

Nilikwenda nikiwa na hofu. Alikuwa amefagia uwanja. Wanawake saba walikuwepo na waume zao, na watoto, na yule mwenyeji wa Midia. Alichukua kikombe changu cha bati, akapimia unga ndani yake, akausawazisha kwa kijiti akinitazama. Akapika. Uji ulipochemka alisimama akataja jina la mume wake, jina la baba yake mume, na mahali mumewe alipozikwa, kando ya njia, karibu na mti uliochomwa. Alitaja mara tatu. Kisha akamgawia kila mtu bakuli.

Mimi sikupewa bakuli. Nilielewa, nikakubali moyoni. Sikutegemea.

Kisha akachota uji akaujaza kwenye kikombe cha bati, akaja nacho mbele yangu.

"Huyu mutu wa mbegu," akasema, "mama yako. Alikuwa anaitwa nani?"

"Hadija."

"Sema kwa nguvu. Mbuzi wanapiga kelele."

"Hadija," nikasema. Watu wote wakarudia jina la mama yangu, watu ambao hawakumjua, kila mmoja kwa matamshi yake.

Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikuwahi kumwuliza. Baadaye, usalama ulipoharibika barabarani na kambi ikahamishwa, aliondoka kwa lori akiwa na masuke yamefungwa kwa kamba shingoni, hakuyaweka kwenye mzigo. Sijui alikofika. Mtama wake upo. Unaonekana ukipita Midia, mwingine umesimama kama polisi, na hapa na pale, sijui kutoka kwa furushi la nani, mwingine unainama shingo.

Siku ile nilipokea kikombe kwa mikono miwili. Uji ulikuwa na ukali kidogo, kama mtama huo ulivyo. Mtu mmoja akasogeza sukari. Nikamwambia asante, nikanywa hivyo hivyo mpaka mwisho.